Mikono Yote ya Kushoto

Kamanda alirudi kutoka semina ya wajasiriamali amefura kama unga uliozidishiwa hamira. Alitupa mkoba kwenye kiti, akakitazama cheti alichopewa, akakikunja na kukisukumiza chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukiyumba. Cherehani ikatulia.

"Angalau kimefaa kitu," akasema.

Kamanda ni jina alilopewa na wateja, na wala halikumuudhi. Duka lake la ushonaji lilikuwa chumba kimoja kirefu: cherehani tatu karibu na mlango penye mwanga, ubao wa pasi ubavuni, na kule nyuma meza ya kukatia, pana kama kitanda cha bwana na bibi. Humo walifanya kazi watu watatu. Yeye mwenyewe, mdogo wake wa tumbo moja, na Bi Gumzo, mwanamke wa makamo ambaye mdomo wake ulishindana na cherehani tangu asubuhi, na mara nyingi cherehani ndiyo iliyochoka kwanza.

"Haya tuambie, umefundishwa nini?" Bi Gumzo akauliza.

"Nimefundishwa na kijana ambaye mshono wa bega la shati lake umeteremka mpaka mgongoni. Mtu hajui kama amevaa shati bovu, halafu anifundishe mimi kukuza biashara!" Kamanda alivua viatu kwa hasira, kimoja kikaingia chini ya ubao wa pasi. "Eti bandika bei ukutani, kila mtu aione. Sawa, nimebandika zamani. Eti shemeji akija kushonewa alipe kama watu wengine, udugu ubaki nyumbani. Hiyo nayo muulizeni shemeji yangu, mpaka leo hanisalimii. Eti usipokee kila kazi inayobisha hodi, utashindwa kutimiza ahadi ukampoteza hata mteja uliyekuwa naye. Mpaka hapo nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mjusi."

"Halafu?"

"Halafu akaharibu! Akasema kazi unayoijua peke yako mfundishe mwenzio. Biashara ambayo mwenyewe akiugua nayo inalala kitandani, hiyo si biashara, ni kibarua umejipa mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Na wakati anasema hayo, alikuwa ananitazama mimi!"

"Labda ulikuwa unamkodolea macho, dada," mdogo wake akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona.

Bi Gumzo akacheka, akauona uso wa Kamanda, akajifanya anakata uzi kwa meno.

Tuseme ukweli, maneno ya yule kijana yalimchoma Kamanda kwa sababu yalipita penye kidonda. Dukani kwake watu wote walishona, walipiga pasi, walitia vifungo, lakini kukata kitambaa ilikuwa kazi yake peke yake. Ukishona vibaya unafumua, alizoea kusema, lakini ukikata vibaya, umekata. Hilo ni kweli na hakuna fundi atakayelikataa. Ila yeye alikuwa ameongeza sheria yake juu ya sheria: akiwa kwenye meza ya kukatia, asisemeshwe. Zamani mteja mmoja alimpigisha soga wakati anakata gauni la bibi harusi, mkasi ukaenda ulikokwenda, na tangu siku hiyo ukitaka kuonja matusi yake ulikuwa unasogea pale mezani ukasema neno. Wateja walilijua hilo, watoto wa jirani walilijua, hata mkusanya ushuru wa soko alisubiri mlangoni mpaka mkasi ulale.

Na mdogo wake alikuwa ameomba mkasi.

Aliomba wiki moja kabla ya semina, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani. "Dada, nataka na mimi nikate. Na wateja wajue hapa tuko mafundi wawili, siyo fundi na msaidizi wake. Kama haiwezekani, niambie tu. Kuna mtu ana chumba karibu na stendi, yuko tayari kunipa nianze changu."

"Tutaongea," Kamanda alijibu, na hawakuongea.

Kamanda ndiye aliyemlea huyu mdogo wake. Mama yao alipokufa, yeye ndiye aliyembeba, akamsomesha kwa kushona viraka vya watu, akamfundisha kutunga uzi kwenye sindano kabla hajajua kusuka nywele zake. Sasa binti yule alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na bado Kamanda alimwita "we mtoto." Akiondoka duka lingebaki na kuta zake, lakini Kamanda alijua kwamba yeye asingebaki na mtu. Hilo lilimtia hofu. Bahati mbaya, kwa Kamanda hofu, huzuni na hata mapenzi vyote vilitokea mlango mmoja, nao ni mlango wa hasira. Kwa hiyo wiki nzima alimgombeza mdogo wake kwa mambo ya uzi, mambo ya pasi, mambo ya kikombe kisichooshwa.

Ndipo meneja wa hoteli akaja. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye sauti ya taratibu, na nyuma yake dereva amebeba jora zima la kitambaa begani. Rangi ya damu ya mzee, upande mmoja unang'aa na upande wa pili umefifia.

"Nataka makoti mafupi ya wafanyakazi wangu wa mapokezi na wa ukumbini," akasema. "Yaishie kiunoni. Kitambaa ni hiki, tumeagiza mbali, kingine kama hiki hakuna. Nikiyapenda, tuna hoteli ya pili inafunguliwa."

Kamanda alitabasamu mpaka yule mama alipoondoka. Kisha akasugua mikono. "Mnaona? Semina ya nini? Kazi nzuri hujiita yenyewe."

Kesho yake akasafisha meza, akachukua mkasi mkubwa na chaki, akaanza.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Fundi anayeshona koti moja hukunja kitambaa mara mbili, uso kwa uso, akaweka karatasi ya kielelezo juu, akakata. Mkunjo mmoja humpa vipande viwili vinavyotazamana: mkono wa kulia na wa kushoto, kifua cha kulia na cha kushoto. Kamanda alikata hivyo maisha yake yote, na angeweza kukata hivyo akiwa amefumba macho. Lakini makoti haya yalikuwa mengi, na kukunja kungemweka mezani siku mbili. Akaamua kufanya kama wanavyofanya viwandani: akatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, nyuso zote zinatazama juu. Ilikuwa akili nzuri. Ila mkono wake uliozoea mkunjo ukaweka karatasi ile ile moja ya mkono wa kushoto, karatasi ile ile moja ya kifua cha kushoto, na ukaanza kuchora chaki kama kawaida, bila kuzigeuza karatasi ili upande wa kulia nao upatikane.

Mdogo wake alikuwa akipita na pasi ya moto. Akasimama. Akaitazama meza, akaitazama tena.

"Dada..."

Kamanda hakugeuka. Alinyoosha mkasi nyuma yake, ncha ikamwelekea mdogo wake, kama mtu anayefukuza kuku. "Nani anasema?"

"Nilikuwa nataka tu..."

"Meza hii ina sheria au haina? Au na wewe umekwenda semina? Toka hapo na pasi yako!"

Bi Gumzo aliinua kichwa, akakiinamisha. Mdogo wake angeweza kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache, na hata kwa matusi yangefika. Lakini kuna siku mtu anachoka kufukuzwa kama kuku, na siku ile ilikuwa ndiyo hiyo. Akarudi kwenye ubao wake, akapiga pasi kola za mtu mwingine, taratibu kabisa, huku nyuma yake mkasi ukila kitambaa.

Kamanda alikata siku nzima, mikono na vifua vyote, akibakisha migongo ya kesho yake. Alikata vizuri pia, kingo zimenyooka, hakuna uzi uliochomoza. Jioni akaenda nyumbani akiimba.

Aliyegundua ni Bi Gumzo, asubuhi iliyofuata. Alichukua mikono miwili kutoka kwenye rundo aanze nayo koti la kwanza, akaigeuza hivi, akaigeuza vile, akachukua mingine miwili.

"Kamanda," akaita, "samahani lakini. Hawa watu wa hoteli wana mikono yote ya kushoto?"

"Acha utani wa asubuhi."

"Si utani. Njoo uone."

Kamanda akaja. Akachukua vipande, akavilaza upande unaong'aa juu. Kushoto. Akachukua vingine. Kushoto. Akalivamia rundo la vifua, akavitupa vitatu, vinne, vitano sakafuni. Damu ya mzee ilitapakaa chumba kizima, na yote ilikuwa ya kushoto. Kugeuza haikuwezekana, upande uliofifia ungekaa nje na koti lingekuwa nusu jipya, nusu kuukuu.

Basi akalipuka. Alianza na Bi Gumzo, kwamba gumzo lake ndilo linalompoteza mtu akili. Akaenda kwa yule kijana wa semina, kwamba alimtia nuksi. Akamtukana aliyefuma kitambaa chenye uso mmoja, aliyebuni makoti, na hoteli zote duniani, kwani wageni hawana nyumba zao? Akapiga teke kiti. Kisha akamgeukia mdogo wake, ambaye alikuwa amesimama kimya, na kimya kile kikamtia shaka.

"Mbona hushangai?"

"Nimeona jana."

"Umeona jana saa ngapi?"

"Ulipokuwa unatandika."

Bi Gumzo aliikanyaga breki ya mdomo.

"Umeona nakosea," Kamanda akasema polepole, "ukanyamaza."

"Sikunyamaza. Nilifungua mdomo, ukaninyooshea mkasi."

"Ungepiga kelele! Ungenivuta mkono! Mimi nimekulea, we mtoto, leo unakaa unaniangalia ninavyoanguka?"

"Ndiyo," mdogo wake akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya kuombea chumvi tena. "Nilikaa nikakuangalia, na nilikuwa na hasira mpaka naona kizunguzungu. Miaka yote hiyo unasema meza hii ina mwenyewe. Jana nikasema basi, na makosa yake yawe na mwenyewe. Nimekosa, dada. Najua nimekosa. Lakini usiniulize kwa nini sikupiga kelele. Hapa ndani nani amewahi kupiga kelele zaidi yako?"

Kamanda aliinua mkono ampige kofi. Mkono ukafika juu, ukakosa pa kwenda, ukashuka kwenye kiuno. Akakaa juu ya kile kiti alichokipiga teke, na kwa mara ya kwanza tangu duka lifunguliwe, akauliza, "Sasa tufanye nini?"

Mdogo wake aliliendea jora, akapima kilichobaki kwa urefu wa mikono yake. Akakusanya vipande sakafuni, akavilaza mezani, akavipanga, akavipangua. Alichora kitu kwenye karatasi ya kufungia, akakifuta kwa kidole, akachora tena.

"Kilichobaki hakitoshi mikono ya kulia, vifua vya kulia na migongo," akasema. "Lakini mgongo si lazima uwe kipande kimoja. Tuufanye vipande vitatu. Vya katikati nitavikata kwenye mikono iliyozidi, makoti ni mafupi, urefu unafika. Kola na mifuko vitoke kwenye vifua vilivyozidi. Jora libaki kwa upande wa kulia na mbavu za mgongo. Tutabana sana, lakini inatosha."

"Utavikata?" Kamanda akauliza.

"Nitavikata mimi. Na wewe utanishikia kitambaa kule mwisho kisiteleze." Akachukua mkasi. "Na hutanisemesha."

Bi Gumzo alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Lo! Kushika kitambaa upande wa pili wa meza yako mwenyewe, mdomo umefungwa! Kila mdogo wake alipoweka chaki, maneno yalimpanda Kamanda kooni: si hapo, sogeza, acha nafasi ya mshono. Akayameza, na kila alilolimeza likaonekana halikuwa na haja, maana chaki ilikuwa mahali pake. Mkasi ulikwenda bila kusita. Hakuna aliyemfundisha binti yule kukata, kwa hiyo alikuwa amejifunza kwa kuchungulia mgongo wa dada yake, akipita na pasi, akipita na ufagio, miaka yote. Kamanda aliona hasira yake inatafuta mtu wa kumkamata na haimpati ila yeye mwenyewe. Akaapa moyoni kwamba yule mama wa hoteli akija atamwambia mbele ya watu wote: mwenye kazi hii ni mdogo wangu.

Makoti yalikamilika siku moja kabla ya ahadi. Yalining'inia ukutani yamepangana, na haya si maneno ya kutia chumvi, yalikuwa mazuri kuliko yale waliyoagizwa. Ule mgongo wa vipande vitatu uliingia kiunoni na kutoka, ukalipa koti umbo ambalo mgongo wa kipande kimoja usingelipa hata ungelibembeleza.

Meneja wa hoteli akaja na dereva wake. Akalishusha koti moja, akalivaa juu ya nguo zake, akajigeuza mbele ya kioo, akajigeuza tena. Akapitisha kiganja mgongoni.

"Mgongo huu!" akasema. "Mimi nimevaa nguo za mafundi wengi, sijaona mgongo kama huu. Nani ameukata?"

Mdogo wake alikuwa kwenye ubao, anamalizia koti la mwisho. Pasi ilisimama.

"Mimi," Kamanda akasema.

Ndivyo neno lilivyotoka. Halikupita kichwani, halikupita moyoni kulikokuwa na kiapo. Lilitoka kwa mazoea, kama mtu anavyoitika akiitwa jina lake.

"Basi nimepata fundi," yule mama akasema. "Kesho nakuletea jora la hoteli ya pili. Mgongo uwe huu huu."

Mdogo wake alimaliza kupiga pasi ile kola. Akalitundika lile koti, akachomoa waya wa pasi, akavua aproni na kuikunja. Akachukua mkoba wake, akampa mama wa hoteli heshima yake, "Karibu tena, mama," akatoka.

Kamanda alimfuata nje, miguu mitupu. "We mtoto! Nilitaka kusema! Wallahi nilitaka, mdomo tu umenitangulia!"

Mdogo wake hakusimama.

"Namwambia sasa hivi! Rudi usikie mwenyewe!"

Hapo akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sasa hivi ni kwa sababu naondoka, dada. Ulikuwa na nafasi wakati nipo."

"Basi nenda!" Kamanda akapiga kelele mpaka muuza vocha wa ng'ambo ya barabara akatoa kichwa kibandani. "Nenda! Utaniona mimi nimekuzuia? Nenda kwenye hicho chumba chako cha stendi, utakata, utashona, utanijua!" Aliendelea kufoka hata baada ya mdogo wake kufika mbali asikoweza kusikia. Kisha pumzi zikamwishia. Akabaki pale barabarani, jua linamuunguza nyayo, na hakuna tusi alilolitoa ambalo halikuwa linamrudia yeye.

Aliporudi ndani, yule mama alikuwa amevua koti na kulikunja kwa uangalifu. "Kuna tatizo, fundi? Kesho nilete asubuhi au mchana?"

Kamanda aliitazama meza. Aliwaza jora jipya limetandikwa pale na yeye peke yake mbele yake. Angeweza kuukata ule mgongo. Alikuwa ameuona ukikatwa, angeukisia, ungetoka nusu yake, na mama huyu mpole angelipa na kushukuru bila kujua. Bi Gumzo alikuwa amemkazia macho.

"Usilete," Kamanda akasema.

"Usilete vipi? Si umesema..."

"Nimesema uongo! Mimi nilikiharibu kitambaa chako, mama. Nilikata mikono yote ya kushoto kama mwendawazimu. Aliyekiokoa, aliyekata huo mgongo unaousifia, ni yule aliyekuwa hapo na pasi. Ni mdogo wangu. Ana duka lake sasa."

Yule mama alimtazama yeye, akautazama mlango. "Duka lake liko wapi?"

"Sijui! Karibu na stendi, sikuwahi hata kumuuliza ni wapi!" Sauti ilimkatika, akaifuta kwa kelele. "Ndiyo kwanza ameondoka, amevaa gauni la kijani, amekwenda kule, ukikaza mwendo utamkuta kabla ya njia panda. Sasa mbona bado umesimama hapo, mama? Kimbia!"